Likipata Moto Linazima

Katika kiwanja chetu huko Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, kando ya barabara iendayo Dodoma, lipo banda la mabati ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na mgeni mmoja tu: trekta dogo la kijivu aina ya Ferguson. Kuku walitagia mayai chini yake. Watoto wa dada zangu walipanda juu ya kiti chake cha chuma wakaunguruma kwa midomo yao. Wageni walipouliza kwa nini halitengenezwi wala haliuzwi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tulijibu kwamba ni kumbukumbu ya marehemu baba. Jibu hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Trekta lile lilisimama kwa sababu ya cheche, na kwa sababu ya cheche hiyo hiyo kijana mmoja alifukuzwa kazi kwa aibu mwaka 1968. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka 12, na mimi ndiye niliyekuwa shahidi.

Nianze na baba. Baba alikuwa mtu wa Kongwa. Sina maana kwamba alizaliwa huko. Nina maana kwamba ujana wake na ufundi wake vilitoka huko. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Afrika Mashariki. Ekari zaidi ya milioni tatu zilikusudiwa kufyekwa, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa ndiko kulikoanziwa. Matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi siku zile, kwa hiyo yaliletwa yale yaliyobaki kwenye maghala ya jeshi, ambayo mengi yalikuwa yamechoka kabla hayajaona pori. Mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya kivita aina ya Sherman. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na majembe yalivunjika. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara iliyohesabiwa ilikuwa kama pauni milioni 36.

Karanga hazikupatikana, lakini watu walipatikana. Vijana waliokwenda Kongwa bila kujua spana walitoka huko wakijua injini. Baba alikuwa mmoja wao. Baada ya Kongwa alifanya kazi ya udereva katika shamba la mlowezi mmoja, na huko ndiko alikopata kisa ambacho alitusimulia mara nyingi kuliko visa vyote. Trekta alilopewa lilivunjika gia. Ufa ulikuwa wa zamani, kutu imeshaingia ndani yake, na baba aliuonyesha. Msimamizi hakuinama kutazama. Alimwuliza swali moja tu: "Umelifanya nini?" Baba akakatwa mshahara wa miezi mitatu. Alikuwa akisema kwamba fedha zile alizisahau, ila swali lile hakulisahau.

Ninaomba msomaji alikumbuke swali hilo.

Wakati wa Uhuru walowezi kadhaa waliondoka Iringa wakiuza vitu vyao. Baba, ambaye kwa miaka michache alikuwa amelima mahindi Isimani na kupata akiba, akanunua Ferguson kuukuu. Isimani ya wakati huo ilikuwa nchi ya mahindi. Ardhi ilikuwa mpya, mtu aliweza kufyeka kadiri ya nguvu zake, na mwenye trekta alikuwa mtu mkubwa. Baba alilima shamba lake, kisha akawalimia majirani kwa malipo.

Trekta lenyewe lilikuwa na historia yake. Harry Ferguson, mwana wa mkulima wa Ireland ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 1884, alikuwa ameona kosa moja la matrekta ya mwanzo: yaliburuta jembe nyuma kama ng'ombe, na jembe likinasa kwenye kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Yeye akalifunga jembe kwenye trekta kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta, hata trekta na jembe vikawa kitu kimoja. Mwaka 1938 alipatana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi. Henry Ford alipokwisha kuacha uongozi, warithi wake wakavunja mapatano, na kesi iliyofuata ilimalizika mwaka 1952 kwa Ferguson kulipwa dola milioni tisa na robo. Kumbe hata wakubwa wa dunia huponzwa na neno lisiloandikwa.

Kuanzia mwaka 1946 Ferguson alitengenezewa trekta lake, TE20, mjini Coventry, Uingereza, katika kiwanda cha Banner Lane ambacho wakati wa vita kilikuwa kikiunda injini za ndege. Hadi mwaka 1956 yalikuwa yametoka matrekta zaidi ya laki tano, yote yakiwa na rangi ya kijivu. Matatu ya aina hiyo yalimfikisha Edmund Hillary kwenye Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958, katikati ya theluji. La kwetu lilikuwa la petroli, lenye injini ya Standard ya silinda nne, betri ya volti 12, na vifaa vya cheche vya Lucas. Lilikuwa na mambo yake ya ajabu. Halikuwa na kitufe cha kuwashia. Mtu aliwasha kwa kusukuma wenzo wa gia upande wa stata. Na waya wa betri unaofungwa kwenye bodi ulikuwa wa chanya, kinyume cha magari ya siku hizi, jambo ambalo limewachanganya mafundi wengi.

Dereva wetu alikuwa kijana wa miaka kama 25. Sitamtaja jina. Baba alimfundisha mwenyewe, na alimpenda. Mimi nilimwita kaka, nikampelekea chakula shambani, naye akaniruhusu kushika usukani tukiwa kwenye tifutifu.

Mnamo Novemba 1968, mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, trekta likaanza kuzima. Lilikuwa likiwaka asubuhi bila matata. Likalima kwa dakika arobaini au zaidi kidogo, kisha likakohoa mara mbili tatu na kunyamaza. Dereva alijaribu kuliwasha asiweze. Akakaa chini ya mti. Baada ya saa nzima hivi aliliwasha tena, nalo likawaka kana kwamba lilikuwa limelala tu. Habari zikamfikia baba kwamba dereva wake anashinda chini ya mti. Baba akapanda baiskeli kwenda kutazama. Kufika, dereva akasema, "Mzee, likipata moto linazima." Baba akakaa kwenye kiti, akasukuma wenzo, injini ikawaka mara moja, maana safari ya baiskeli ilikuwa imelipa nafasi ya kupoa.

"Mbona linawaka?" aliuliza baba.

Hali hiyo ilitokea mara mbili, na mara ya tatu. Trekta likapelekwa mjini kwa fundi. Likalala huko usiku, likapoa kabisa, asubuhi fundi akaliwasha, akalisikiliza kwa dakika kumi, akasema halina kasoro yoyote. Baba akalipa. Siku ya pili shambani likazima.

Inafaa kukumbuka ulikuwa wakati gani. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967. Redioni tulisikia kila siku juu ya wanyonyaji na makabaila, na huko Isimani kila mtu alijua kwamba mwenye trekta na vibarua ndiye anayesemwa. Baba alikuwa na hofu, na hofu humfanya mtu asikie asichoambiwa. Aliposikia "likipata moto linazima," alisikia kwamba kijana huyu amechoka kumtumikia mnyonyaji. Neno la siku zile lilikuwa hujuma.

Jioni moja alituita sote barazani, dereva akiwa amesimama. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyepeleka chakula: "Ulimwona akifungua trekta?" Nikasema ndiyo. "Alifungua wapi?" Nikasema alifungua kile kifuniko cheusi chenye waya tano. "Mara ngapi?" Nikasema mara nyingi. Yote hayo yalikuwa kweli. Dereva alinitazama, kisha akatazama chini. Baba akasema njia ya mwongo ni fupi, na akamfukuza usiku ule ule, bila kumlipa mwezi aliofanya kazi wala siku zilizozidi.

Akaajiriwa dereva mwingine. Trekta likazima vile vile. Mtu mwenye moyo mtulivu angesema: basi yule wa kwanza hakuwa na hatia. Baba alisema kwamba yule wa kwanza ameacha ugonjwa ndani ya mashine, na ushahidi ulikuwepo, kwani mwanangu alimwona. Msimu ukaisha nusu ya mashamba ikiwa haijalimwa. Trekta likaingizwa bandani.

Baadaye mambo mazito zaidi yaliikumba nchi yetu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi hapo Isimani na mkulima Said Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa. Mashamba makubwa yakawa ya vijiji, nasi tukahamia kijijini. Baba hakukubali kuliacha trekta. Likavutwa na ng'ombe sita hadi kiwanja kipya, na hapo ndipo lilipojengewa banda. Baba alifariki mwaka 1989. Katika miaka yake ya mwisho hakuzungumza juu ya trekta, wala sisi hatukumwuliza.

Nami nikawa mwalimu wa fizikia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka nilisimama mbele ya ubao nikachora koili mbili na kueleza jinsi cheche inavyozaliwa. Niliwaambia wanafunzi kwamba mwaka 1831 huko London, Michael Faraday aligundua kuwa usumaku unaobadilika ndani ya koili huzaa umeme katika koili iliyo karibu. Kwamba mwaka 1902 Gottlob Honold, aliyefanya kazi kwa Robert Bosch huko Stuttgart, alikamilisha magneto yenye volti za kutosha kurusha cheche ndani ya silinda kwa kutumia plagi. Kwamba Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alileta mfumo wa betri, koili moja na pointi, ambao Cadillac waliutumia katika magari yao ya mwaka 1910, na ambao dunia nzima iliufuata kwa zaidi ya nusu karne. Ferguson letu lilikuwa mjukuu wa mfumo huo. Niliyasema hayo yote, nikasahihisha madaftari, nikapokea mshahara. Sikuwahi hata siku moja kuyahusisha na banda la nyumbani.

Nilistaafu mwaka 2016. Miaka mitano baadaye mpwa wangu, ambaye hutengeneza pikipiki, akaniambia: "Mjomba, tuliamshe hili trekta." Nikakubali kama mtu anayekubali kucheza bao.

Tulianza na usafi. Tukamwaga petroli iliyokuwa imegeuka gundi, tukasafisha tangi, kikombe cha kichujio na kabureta. Tukatia mafuta ndani ya silinda tukazungusha injini kwa hendeli polepole hadi ikalegea. Tukabadilisha plagi na waya zilizotafunwa na panya. Tukanunua betri, na mpwa wangu alipotaka kufunga hasi kwenye bodi nikamzuia. Ndani ya distribyuta pointi zilikuwa nyeusi, zimeungua, na upande mmoja ulikuwa umefanya kishimo na mwingine kichuguu. Nilipaswa kusimama hapo nikafikiri, maana pointi zilizoungua namna ile zinasema jambo. Badala yake tulizipiga msasa, tukaziweka kwenye nafasi ya inchi 10 hadi 12 za elfu, tukakagua kwamba waya za plagi zinafuata mpangilio wa 1, 3, 4, 2, tukasukuma wenzo. Likawaka. Watoto wakapiga vigelegele. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

Tukaliendesha kwenye shamba la jirani. Baada ya dakika arobaini na kitu likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Nilishuka nikaweka mkono kwenye boneti. Lilikuwa la moto. Nikasikia sauti ya kijana wa mwaka 1968, na magoti yakaniishia nguvu kidogo, hata mpwa wangu akaniuliza kama jua limenizidi.

Kuanzia hapo sikutaka tena kucheza. Nilitaka kujua. Na kujua tatizo la namna hii kuna sheria yake moja: lazima ulipime likiwa gonjwa. Ukilingoja lipoe, limeshapona, nawe utamwona aliyekuambia kuwa mwongo. Kwa hiyo tulikwenda shambani na vifaa vyote, tukalima, tukangoja lizime, kisha tukapima haraka kabla halijapoa.

Kwanza tulianza na petroli, kwa sababu kuna ugonjwa wa petroli unaofanana kabisa na huo. Tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi likiziba, petroli hushindwa kushuka baada ya muda, injini huzima, na baada ya kupumzika huwaka tena. Tulilegeza kifuniko. Halikubadilika kitu. Tulifungua bomba kwenye kabureta, petroli ikamwagika vizuri. Basi petroli haina kosa.

Pili, cheche. Tulichomoa waya wa plagi moja, tukachomeka plagi nyingine nje, tukailaza juu ya chuma cha injini, tukazungusha stata. Cheche ilikuwa ya njano, nyembamba kama uzi, na mara nyingine haikuja kabisa. Tukachomoa waya mnene unaotoka koili kwenda distribyuta na kuupima karibu na chuma: hivyo hivyo. Kwa kipimo hicho kifuniko cha distribyuta, rota na waya za plagi vikatoka katika orodha ya washitakiwa, kwa kuwa udhaifu ulianza kabla ya kufika kwao.

Tatu, tulipima kwa taa ndogo kama umeme wa betri unafika kwenye koili. Ulifika. Swichi haina kosa. Tukashika taa upande wa pili wa koili: ikawaka pointi zikiwa wazi, ikazimika zilipofunga. Pointi zinafanya kazi. Wakabaki washitakiwa wawili, koili na kondensa.

Nne, tukafungua kifuniko cheusi, kile kile, na kutazama pointi wakati stata inazunguka. Hapo tuliona. Kila zilipoachana, cheche kubwa iliruka kati yao. Cheche iliyotakiwa iwe ndani ya silinda ilikuwa inafia hapo.

Nieleze kwa mfano wa mfereji. Koili ni kama mfereji unaopita kasi, na pointi ni mlango wake. Nguvu yote hutokana na kuufunga mlango ghafla. Mlango ukifungwa taratibu, maji hupungua polepole wala hayapigi. Umeme nao haupendi kukatwa: pointi zikianza kuachana, huruka katikati ya uwazi na kuendelea kupita. Mfaransa Hippolyte Fizeau alipata dawa yake mwaka 1853. Alifunga kondensa sambamba na mlango, kama kidimbwi kidogo kando ya mfereji, ili umeme ukimbilie humo kwa kitambo kidogo sana huku mlango ukifunga kabisa. Mkato unakuwa mkali, na koili ya pili inatoa maelfu ya volti. Kondensa ya trekta si kitu kikubwa. Ni karatasi na ukanda mwembamba wa metali vilivyoviringishwa pamoja ndani ya kikopo chenye ukubwa wa kipande cha kidole. Karatasi ile inapochoka, kikopo kikiwa cha baridi kinafanya kazi. Kikipata moto kinavuja.

Mpwa wangu alitoa kondensa ya gari kuukuu mfukoni, akaifunga. Cheche ikawa ya buluu, yenye mlio. Trekta likawaka likiwa la moto vile vile. Tukalima saa mbili bila kuzima. Injini kama ile ikizunguka mara 1,500 kwa dakika huhitaji cheche 3,000 kila dakika, yaani 180,000 kwa saa, na hazikukosekana.

Mpwa wangu alitaka turudi nyumbani tukale. Nikamwambia bado. Nikamwomba aitoe kondensa mpya na kurudisha ya zamani. Alinishangaa, lakini alitii. Dakika chache tu, injini ikiwa ya moto, likakohoa na kunyamaza. Tukarudisha mpya, likawaka. Hapo ndipo niliporidhika, kwa sababu fundi akibadilisha kitu na mashine ikapona, huenda imepona kwa jambo jingine. Lakini kosa likiitwa likaja, likifukuzwa likaenda, hilo limejulikana. Nikaifunga kondensa ya zamani kwenye leso nikaitia mfukoni.

Kumtafuta dereva hakukuwa kazi kubwa, jambo lililonitia aibu zaidi. Alikuwa kijiji kisicho mbali, mwendo wa basi wa nusu siku. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, mzee wa miaka karibu 80, macho yake yakiwa na ukungu. Nilimwamkia kwa Kihehe, "Kamwene," akaitika. Kisha nikampa shikamoo, akasema marahaba, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia baba, alikaa kimya kitambo, kisha akamwagiza mjukuu wake aniletee kigoda.

Nilimwambia habari yote kwa mpangilio, kama nilivyoieleza hapa. Kisha nikatoa bahasha. Nilikuwa nimejaribu kukokotoa thamani ya mshahara wa mwezi mmoja na siku kadhaa wa mwaka 1968, nikaacha kukokotoa, nikaweka kiasi ambacho nafsi yangu haikukinung'unikia. Akaipokea bila kuihesabu.

"Hii ni ya baba yako," alisema. "Mungu amrehemu. Na wewe umekuja na nini?"

Nilimwelewa. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyesema nimemwona akifungua.

"Ulisema ulichoona. Nilifungua kweli. Nilifungua mara nyingi." Akatikisa kichwa. "Hakuna aliyekuuliza nilikuwa nafungua kwa nini. Wala mimi sikuulizwa."

Alinieleza kwamba baada ya kufukuzwa hakupata tena kazi ya udereva Isimani, kwa sababu neno lilisambaa. Alikwenda kukata miwa, baadaye akalima. Watoto wake wamesoma. Hakunieleza kwa uchungu. Alikuwa akinihesabia kama mtu anayehesabu misimu. Mimi nilitaka aniambie kwamba amesamehe, naye hakusema hivyo wala hakusema kinyume chake. Nilijifunza kwamba aliyekosa hapaswi kwenda na majibu yake mwenyewe mfukoni.

Nimefikiri sana juu ya baba. Alikuwa ameumizwa na swali la "Umelifanya nini?" na alipopata trekta lake akaliuliza vile vile, kwa sauti ile ile. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, alikuwa na haraka ya msimu, na mashine ilimpa ushahidi wa uongo kila alipofika ikiwa imepoa. Lakini dereva wake alikuwa amempa maelezo kamili ya ugonjwa kwa maneno matatu, na kama angekaa naye chini ya mti kwa asubuhi moja tu, angeona kwa macho yake. Ndiyo maana naona visa kama hiki ni historia, ijapokuwa haviandikwi katika vitabu vya Kongwa wala vya Coventry. Mipango mikubwa ilishindwa kwa mamilioni ya pauni, na maisha ya mtu mmoja yakapindishwa kwa karatasi iliyochoka ndani ya kikopo. Kote kulikuwa na mtu aliyekuwa shambani na aliyejua.

Nilipoinuka kuaga, mzee aliniuliza: "Hiyo kondensa uliitupa?"

Nikatoa leso. Aliichukua, akaisogeza karibu na jicho lake zima, akaigeuza geuza, akaipima uzito kwenye kiganja. Ilikuwa nyepesi. Alikaa nayo muda mrefu hata mjukuu wake akasogea kuiona.

"Kumbe wewe," aliiambia. Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Mimi miaka yote hii nilidhani ni koili."

Nilimwachia. Sasa ni yake.